Mchekeshaji Aliyekumbatia Mtungi

Hapo zamani, na tegeni masikio maana nitawauliza, kijiji kimoja cha Wahopi, wenyeji wa asili wa Amerika, juu ya mlima wa mawe kilikosa maji. Chemchemi ilikuwa moja tu, na Sikyaptewa, mtu wa mabavu, akaizungushia ukuta. "Maji ni yangu!" Mahindi yakanyauka. Watu wakanung'unika majumbani, akipita wanamwamkia. Waoga wakubwa!

Ndipo Lomatewa mchongaji akachukua mzizi mkavu, akachonga kinyago cha mchekeshaji wa mistari myeusi na myeupe, mwenye pembe mbili. Kwao mchekeshaji ana kazi takatifu: hutenda maovu hadharani ili watu wajione. Huyu alikumbatia mtungi, mashavu yamefura kwa maji. Lomatewa akamweka uwanjani siku ya ngoma. Kila mtu akajua ni nani. Hakuna aliyecheka.

Honyesva, mchekeshaji wa kijiji, akateremka kutoka paani kichwa chini, mwili mzima mistari. Akaukumbatia mtungi kama kile kinyago, akanywa, akanywa, kisha akauinamia mmea uliokauka. "Una kiu, ndugu yangu? Pole sana. Maji ni yangu!"

Sikyaptewa akasimama na fimbo.

Mara bibi mmoja akaangua kicheko. Nuvamana, mama mzazi wa Sikyaptewa! "Jamani, huyo ni mwanangu kabisa!" Akacheka mpaka machozi, na kijiji kizima kikalipuka. Sikyaptewa akamtazama mama, akatazama kinyago, fimbo ikamdondoka. Naye akacheka. Akaenda kung'oa jiwe la kwanza la ukuta kwa mikono yake, na maji yakashuka mashambani, watu wakiyakimbilia kwa vigelegele. Raha iliyoje!

Wakati wa mavuno, wazee wakatoa hindi la kwanza, la buluu, wampe aliyeleta maji.

"Ni langu," akasema Lomatewa. "Wote mlipofyata mkia, kisu changu kilisema."

"Kinyago hakiumwi na fimbo, kaka," akasema Honyesva. "Mgongo ulikuwa wangu."

Bibi Nuvamana akawatazama. "Wanangu, ninyi mlimcheka mtu baki. Mimi nilimcheka niliyemzaa, mbele za watu. Mnajua inavyouma?"

Nyuma sauti ikauliza, "Na ule ukuta, ulijibomoa?" Sikyaptewa! Hana haya hata kidogo. Lakini hakusema uongo.

Haya, hindi ni moja na halikatwi. Mngempa nani?