Viazi Karai vya Mzee Shekiondo

"Hamu iko miguuni." Mnacheka nini? Mmenisikia nikimwambia mjomba wenu, aliyesusa chakula tangu afiwe na mkewe, mkadhani bibi anaropoka. Methali hii ina mwenyewe, naye ni babangu, Mzee Shekiondo wa Lushoto. Ilianza hivi.

Mama alipofariki, baba aliacha kula. Ukimwekea ugali, anamega tonge moja, ananawa. Alikonda mpaka koti likawa linamning'inia. Majirani walimbembeleza, nami nikambembeleza, wapi! Nikaogopa kwamba naye ananiponyoka. Siku moja nikamwambia, "Baba, nisindikize Mombasa, nataka kutembea." Akaja kwa ajili yangu tu.

Haya, Mombasa! Tukazitazama zile pembe kubwa za ndovu za bati zilizopinda juu ya barabara, tukaingia Ngomeni, ile ngome kongwe ya Wareno, tukapotelea vichochoroni mwa Mji wa Kale. Baba alikuwa seremala. Kila mlango wa nakshi alisimama, akapapasa maua yake, akasema, "Lo! Aliyechonga hapa alikuwa na subira." Asubuhi nzima yeye mbele, mimi nyuma, magoti yananiuma. Mji ule mzuri, jamani, acheni tu!

Adhuhuri tukampita mama mmoja akikaanga viazi karai barazani kwake, wateja wamemzunguka wanakula. Kwetu mtu mzima hali njiani, ni aibu kubwa. Baba akapunguza mwendo.

"Nakiete, wale wanakula nini?"

"Viazi karai, baba. Lakini si tuko njiani?"

"Nani kakwambia hii ni njia?" Akaketi barazani, akavua kofia, akaomba maji ya kunawa. "Hapa ni nyumbani kwa watu."

Yule mama akacheka. "Basi karibu nyumbani, mzee." Akamwekea sahani, akamwagia ukwaju wa pilipili.

Baba akala kimoja. Akala cha pili. Machozi yakamtoka, nikadhani ni pilipili.

"Mamako angevipenda hivi," akasema, huku anasogeza sahani aongezwe. "Kumbe mlikuwa mnaitafuta hamu yangu mdomoni bure. Hamu iko miguuni."

Nililia pale pale barazani, wala sikujali watu.

Sasa msinikalie hapa. Mjomba wenu yuko ndani, sahani yake imejaa, inapoa. Msimbembeleze. Mpelekeeni viatu vyake, mwambieni nyinyi ndio mnaotaka kwenda kutembea mjini. Hamu iko miguuni.