Mstari Mweusi Juu ya Milango ya Mtalombo

Zama zile ambapo bendera ya bomani haikuwa yetu, mji wa Mtalombo haukujua giza. Matanuri ya matofali yaliwaka kila upande, mwaka mzima, na anga la usiku lilikuwa jekundu toka ukingo hadi ukingo. Watu wa hapa walizaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakiwa wameona nyota mbili tatu. Walidhani ndizo zote.

Uhuru ulipokaribia, serikali mpya ikatuletea kasha la fataki pamoja na kitabu cha kanuni. Kitabu kilikuwa kizito kuliko kasha. Kikaangukia mikononi mwa Athanasi, karani wa boma, mtu ambaye hata chafya alipiga kwa utaratibu. Akafungia fataki stoo akisubiri kibali. Kibali kikasubiri mhuri. Mhuri ukasubiri masika yaishe. Siku yenyewe ilipofika na kasha likafunguliwa, fataki zote zilikuwa zimelowa isipokuwa moja.

Na hiyo moja nayo ilikuwa na sharti. Kifungu cha kumi na nne kilisema fataki isirushwe iwapo kuna moto mwingine ndani ya hatua elfu moja. Athanasi akapima kwa miguu yake mwenyewe, akakuta mji wote umo ndani. Akaamuru majiko na taa vizimwe, na viberiti vyote vikusanywe vifungiwe stoo. Watu wakacheka, wakatii. Yakabaki matanuri, na wenye matanuri wakasema watafuata atakalofanya Masalu, fundi mkubwa wao.

Tanuri la Masalu lilikuwa na siku moja tu ya moto, na matofali hutaka siku tatu. "Karani," akasema, "ndani mle mna matofali ya shule ya kwanza ya watoto wetu. Nikiziba leo, kesho nitakukabidhi kifusi. Unacho kifungu cha kifusi?"

Athanasi akafunua kurasa, akakitafuta kwa dhati.

Aliyemaliza ubishi ni mama yake Masalu, Bi Mbuke. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Kwa mwanga ule wa matanuri hakuona ila wekundu mtupu, na tabibu wa zahanati alikwisha kumwambia kwamba hata huo hautaumaliza mwaka.

"Boma lile nililibebea matofali kichwani miaka kumi na miwili, kwa kiboko," akasema. "Nataka niione siku wanayoondoka. Ziba, mwanangu."

Masalu akaziba. Akakandika udongo mbichi kwenye mdomo mmoja wa tanuri baada ya mwingine, na wenzake wakaziba ya kwao.

Hapo ndipo giza lilipoingia Mtalombo kwa mara ya kwanza, na mbingu ikafunguka. Nyota zilijitokeza kwa mamia, kisha kwa vumbi, hadi ikawa vigumu kusema palipobaki weusi. Ngoma zilinyamaza bila kuamriwa. Wazee walivua kofia. Athanasi alitazama juu, na nadhani alikuwa akihesabu mioto isiyo na kibali. Kitabu kikamponyoka mkononi, wala hakukiinamia.

Ilipita saa nzima kabla mtu hajakumbuka fataki, na hapo ikaonekana kwamba hakuna wa kuiwasha. Viberiti vilikuwa stoo, na ufunguo wa stoo usingepatikana gizani. Masalu akaenda kwenye tanuri lake, akatoboa udongo kwa kidole, akachokonoa kaa moja la moto kwa kijiti.

Fataki ikapanda peke yake, nyeupe, ikapasuka katikati ya nyota. Bi Mbuke alinyoosha mkono. "Ile pale," akasema, na kidole chake hakikukosea.

Siku ya tatu Masalu alilibomoa tanuri akitarajia kifusi. Matofali yalikuwa mazima, magumu, yakigongwa yanalia kama kengele. Ila moto ulionyimwa hewa ulikuwa umeyageuza meusi, yote.

Tangu mwaka ule hakuna nyumba inayojengwa Mtalombo bila mstari mmoja wa matofali meusi juu ya mlango. Na kila Uhuru mji mzima huzimwa kwanza, watoto waachwe wazihesabu nyota hadi washindwe, ndipo irushwe fataki moja. Kifungu cha kumi na nne serikali ilikifuta zamani. Barua ya kukifuta tunayo. Imefungiwa stoo, inasubiri mhuri.