Mtoto wa Mchanga wa Moto

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana hata sola zilikuwa zimeshafika, kulikuwa na kijiji cha Ihelele, juu milimani, ambako mwezi wa saba mtu akifungua kinywa mvuke unamtoka. Watu wake walilima pareto. Ua la pareto lisipokauka upesi huoza, na jua la kule ni la kubahatisha.

Fundi mmoja, Luvanda, akajenga tangi la chuma. Akalijaza mchanga, akapitisha nyaya ndani yake, akalizungushia maranda ya mbao unene wa mkono mzima, na bati kwa nje. Jua likiwaka, umeme wa sola unaupasha ule mchanga. Jua likipotea, mchanga unakaa na moto wake hata siku kumi, na feni inausukuma moto huo hadi chumba cha kukaushia maua. Walimcheka! "Luvanda anapika mchanga! Luvanda, utaiva lini tule?" Yeye akaendelea kupika.

Ufunguo wa tangi akapewa Bibi Tumwitike, mjane asiyejua masihara. Wakaja waliotaka maji ya moto ya kuoga, akakataa. Wakaja waliotaka kuota moto, akakataa. Akaja dada yake wa tumbo moja, magoti yamemvimba kwa baridi, akakataa. "Moto huu ni wa maua ya kijiji," akasema. Watu wakaacha kumsalimia.

Sasa sikilizeni habari ya Atuganile. Ukungu ulishuka ukakaa siku nane, jua halikuonekana, barabara ikakatika kwa matope. Asubuhi ya siku ya nane Atuganile akajifungua mtoto wa kike kabla ya miezi yake, katika chumba chake kilichopakana na tangi. Alikuwa mtoto wake wa tatu. Wawili wa kwanza hawakuishi.

Akamweka kifuani, lakini damu ilikuwa imemtoka nyingi na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka.

"Washeni moto humu ndani," akasema.

"Mapafu haya machanga, mwanangu?" mkunga akajibu. "Moshi utamuua kabla ya baridi."

"Basi tangi! Mwiteni Luvanda awashe feni, tumpeleke mtoto chumba cha maua!"

Luvanda akaja mbio, akabonyeza swichi. Feni haikugeuka; haikuwahi kuwashwa pasipo jua kabisa. Akabonyeza tena. Fundi wa watu alikuwa ameweka akiba ya moto kwa siku zisizo na jua, halafu feni ya kuuleta akaifunga kwenye umeme wa jua la siku hiyohiyo! Mnacheka? Atuganile hakucheka.

Kupitia ukuta wa mbao akamsikia Luvanda akimsihi Bibi Tumwitike.

"Bibi, fungua mfuniko tuuchote mchanga."

"Mfuniko ukifunguliwa, moto wote unatoroka. Maua ya kaya thelathini yameingizwa leo alfajiri chumba cha kukaushia, mabichi. Waiteni wenye maua waseme wenyewe."

"Mtoto anakufa, Bibi!"

"Nimesikia. Waiteni. Subirini."

Neno hilo, subirini, lilimchoma Atuganile kuliko uchungu wa kuzaa. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi. Kilio kikawa kikohozi, kikohozi kikawa kimya. Atuganile akamtikisa kidogo, akaogopa hata kumwangalia.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Mgaya, mchoma viazi wa gulioni, na chungu cha mchanga wa moto. Ameutoa wapi? Jamani, tangu mwezi wa tano Mgaya alikuwa na tundu lake nyuma ya tangi. Alikata bati, akachimba maranda, akalitoboa tangi, kila siku akifukia viazi vyake mle, vinaiva bila kuni. Ndiyo, alikuwa mwizi wa moto, na kijiji kizima kilisifu viazi vyake. Siku hiyo alilipasua lile tundu akachota kwa mikono, maana hapakuwa na muda wa kutafuta koleo. Chungu kimoja, viwili, saba. Mkunga akavifunga blanketi, akavipanga kuzunguka kikapu cha mtoto. Kufika saa sita mchana mtoto akalia, Atuganile akalia naye, na Mgaya akasimama mlangoni ngozi ya viganja ikimning'inia.

Moto uliobaki ukatoroka kwenye tundu. Maua ya kaya thelathini yakaoza.

Ihelele wana desturi yao. Mtoto aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemponya, kabla kitovu hakijadondoka. Ni jina moja tu. Na huyo somo wake ni mzazi wa pili: akizeeka, mtoto ndiye atakayemtunza. Siku ya tano wakaja watatu kulidai jina.

Luvanda akasema, "Bila tangi langu mngechota nini? Sina mtoto mimi."

"Na feni yako?" Mgaya akamuuliza.

Bibi Tumwitike akasema, "Ningemfungulia kila aliyebisha hodi, mngekuta mchanga wa baridi. Nilimnyima dada yangu. Dada yangu hatembei tena, na hanisemeshi."

"Na ile subirini yako?" Luvanda akamuuliza.

Mgaya akainua mikono iliyofungwa vitambaa. "Mimi sisemi mengi. Nani atanimenyea viazi?"

"Ulikuwa unaiba!" Bibi akamkemea. "Usingeuvujisha moto miezi miwili, ungetosha mtoto na maua pia."

"Bila wizi wangu, Bibi, ningepita wapi?"

Atuganile akamtazama fundi, akamshukuru moyoni. Akaitazama mikono ya Mgaya, machozi yakamtoka. Akamtazama bibi, akataka kumchukia kama siku ile, akamwona anavyomwangalia mtoto, akashindwa.

Mkunga akafunua nguo. "Mwanangu, kitovu kinaachia. Taja jina."

Haya, wenzangu mnaojua kuhukumu, msiniangalie mimi. Mtoto yuko mikononi mwenu. Je, nani alistahili? Aitwe nani?