Mabati ya Fumo

"Ukiziba anga, utamlisha mganga." Haya, chekeni! Fundi mliyekuja naye kawaambia maneno hayo hayo, nyinyi mkadhani anatania. Najua, wanangu, mmeniletea mabati kwa nia njema, ili mvua isininyeshee uani. Lakini kaeni kwanza. Hamjui maneno hayo yalikotoka.

Methali hii ilianza hivi. Mtaani humu aliishi Fumo, mchonga milango, na mkewe Mwanaesha. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, kuta nene, vyumba vimeuzunguka ua mdogo usio na paa. Mvua iliingia humo, jua liliingia, shomoro waliingia, na asumini ilistawi pembeni.

Mwanaesha alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Alipojifungua wa tatu, Fumo akaapa huyu hampotezi. Watu wakamwambia kichanga hudhuriwa na upepo mbaya. Basi, kwa mapenzi yake, maskini, akapanda juu akaufunika ua wote kwa mabati, akagongomea misumari mpaka hakukubaki tundu la kupita nzi.

Na mzazi hatoki mpaka arubaini, mnajua. Mama na mwana wakabaki mle ndani, na siku ya tatu nyumba ikawa tanuri. Mtoto akatoka vipele, akalia mpaka sauti ikamkauka, ziwa akalikataa. Akaitwa mganga. Mganga akasema ni jini, akafukiza ubani katika joto lile lile, wallahi! Akala kuku wa kwanza, ndio ujira wake. Kesho yake akala wa pili. Mtoto alizidi kulegea, na Fumo akawa anatoka nje kulia ili mkewe asimwone.

Siku ya nane, asubuhi, ikaja mvua ya upepo, bati moja likang'oka. Fumo akanyakua nyundo, mbio kwenye ngazi.

"Shuka!" Ilikuwa sauti ya Bi Batuli, mkunga, aliyekuja kumkanda mzazi.

"Bibi, upepo utaniulia mwanangu!"

"Sikiliza kwanza."

"Nisikilize nini? Mbona nasikia mvua tu?"

"Ndiyo. Mtoto kanyamaza."

Nyundo ikamponyoka Fumo. Alidhani yamekwisha. Akaingia chumbani, akamkuta mtoto ananyonya, upepo wa mvua ukimpuliza usoni. Akaketi sakafuni akalia kwa sauti, safari hii mbele ya mkewe, naye Mwanaesha akawa analia na kucheka pamoja.

Adhuhuri mganga akaja kama kawaida yake. Akamkuta Fumo yuko juu, anang'oa mabati.

"Kuku yuko wapi?"

"Yuko uani, anadonoa," akajibu Fumo.

Bi Batuli akacheka mpaka akashika mbavu. "Umejifunza, Fumo," akasema. "Ukiziba anga, utamlisha mganga."

Ua wenyewe ndio huu tulimokaa. Kichanga kile ni mimi, na miaka yote hii mvua imeninyeshea humu wala sijafa. Kwa hiyo rudisheni mabati yenu, wanangu, maana kuku wangu nawapenda. Ukiziba anga, utamlisha mganga.