Upenyo wa Pazia la Bi Shemsa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, saa nane za usiku, ilisikika sauti: khrii, khrii. Msimu akadhani panya. Akawasha tochi ya simu, panya hayupo. Sauti ilitoka kifuani mwa mwanawe Haidari, mtoto wa miezi mitano.

Ngojeni, nimekimbia mno, hapa lazima nirudi nyuma. Msimu na mumewe, mlinzi wa usiku, wamepanga chumba kimoja. Ng'ambo ya kichochoro ni kwa Bi Shemsa: geti, gari, televisheni pana kama kitanda, na kiyoyozi. Kwa ajili ya kiyoyozi madirisha hayafunguliwi, kwa hiyo wa nje huiona picha kiooni, sauti hawaipati. Ndani baridi na maneno, nje joto na picha. Lakini wala hawanung'uniki! Wanaye Bi Kidawa, muuza vitumbua, anayewasemea wote wa kwenye televisheni, mabwana harusi, wabunge, hata simba. Watu hucheka mpaka wakakaa chini.

Jioni ile, kabla ya sauti ya khrii, kwenye televisheni alitokea daktari na picha ya mtoto. Mtoto anapumua, chini ya mbavu panabonyea, panabonyea. Kisha gari, kisha hospitali.

"Mtoto akibonyea hivi," Bi Kidawa akasema kwa sauti nene ya kidaktari, "huyo anajifunza ngoma. Mpandisheni gari, asichelewe harusi!"

Msimu alicheka mpaka Haidari akaamka mgongoni.

Basi usiku akamfunua kifua. Panabonyea. Kichekesho kile kikamrudia, na safari hii hakikuchekesha. Si ngoma hii, akajiambia, si ngoma! Akambeba pekupeku, akamwamsha Bi Kidawa, wakaligonga geti. Chausiku, msichana wa kazi wa Bi Shemsa, akafungua bila kuuliza. Bi Shemsa akatoka na gauni la kulalia.

"Kuna nini, jamani? Kumekucha?"

"Mwanangu, Bi Shemsa! Mwanangu!"

Akachukua ufunguo, wakajipakia wote. Mle garini Msimu akaweka nadhiri: anayo doti moja mpya ya kanga, haijapindwa bado. Haidari akipona, ni ya yule aliyemwokoa.

Haidari akapona. Siku ya tatu alikuwa anamvuta nesi hereni. Wakarudi nyumbani, na hapo ndipo maneno yakaanza.

"Mimi sitaki makuu," akasema Bi Shemsa, "ila gari ni langu. Nimeingia hospitali na gauni la kulalia, mbele za watu! Kwa miguu ungefika wapi?"

"Na mimi je?" akadakia Bi Kidawa. "Daktari yule hakuwa na ulimi, ulimi nilimpa mimi. Nisingekuchekesha ungekumbuka? Ungejiendea zako kulala."

"Lakini ulisema ngoma, Bi Kidawa!"

"Ngoma nilikosea, mwanangu. Gari sikukosea!"

Chausiku hakudai kitu mbele yao. Alimvuta Msimu kando, nyuma ya kamba ya nguo, akanong'ona.

"Dada, kila magharibi naamriwa nifunge pazia, kichochoro kisituchungulie. Kila magharibi naacha upenyo wa viganja viwili, nasema limekwama. Bi Shemsa akijua, virago vyangu nje. Usinipe mbele yake. Ila na mimi nastahili."

Msimu akarudi chumbani, akaikunjua doti. Imeandikwa: ALIYENIFAA NAMJUA. Akacheka peke yake, maana kanga inamjua, yeye hamjui. Aikate? Kipande kimoja cha kanga ni kama ndala ya mguu mmoja, na wenyewe wako watatu. Mgongoni Haidari anapumua kimya, raha mustarehe, na doti imerudi chini ya mto mpaka leo.

Je, wenzangu, nani alistahili? Mwenye gari, mwenye maneno, au mwenye upenyo? Nijibuni kwa sauti ya chini, dirisha lile liko karibu. Nitamfikishia Msimu tu, na mtu mwingine, naapa, simwambii.