Sabuni Zilizobaki Mezani

Sogeeni mbele kidogo, ndugu zangu, na wa nyuma nao wasikie.

Kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa madrasa ya bweni, aliyejifunza kutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi na karafuu. Kila Ijumaa, swala ikiisha, alizipanga mezani nje ya mlango wa wanawake pale msikitini, na mbele yake kadi: "Saidieni wanafunzi." Watu walikuwa wema. Walitoa noti, wakamwombea dua, wakaenda zao. Sabuni wakaziacha.

"Waachie wenzako, mwanangu," walimwambia.

Binti alirudi bwenini na pesa mkononi na sabuni zote kapuni. Ustadha wake akamwambia ashukuru, maana ni nani mwingine huuza na bidhaa ikabaki? Alishukuru, lakini moyo haukutulia. Alitaka siku akitoka pale aishi kwa kazi ya mikono yake, na mpaka siku hiyo hakujua kama sabuni yake inafaa. Wenzake waliopewa bure waliisifu tu.

"Ustadha," alisema, "wananunua huruma. Sabuni hawajainunua."

Ijumaa iliyofuata aliiondoa kadi, akaandika bei. Mnajua ilikuwaje? Watu walipita. Bibi mmoja tu ndiye aliyenunua kipande, tena baada ya kukinusa mara tatu.

Wiki haijaisha vizuri, bibi huyo akarudi, akamfuata madrasani na kopo.

"Hebu tazama sabuni yako. Nimeiweka bafuni asubuhi, adhuhuri nakuta uji. Ninywe?"

Watu wakageuka. Ustadha akainamisha macho. Binti akatabasamu.

"Unacheka, we mtoto?"

"Niwie radhi, bibi. Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza."

Bibi, bado amenuna, akamuuliza aliikata lini. Siku tatu kabla ya kuiuza, alijibu. Basi ilikuwa mbichi, bibi akamwambia. Mama yake yeye alikuwa akiianika kivulini mwezi mzima.

Binti akatengeneza nyingine, akaianika mwezi mzima. Bibi akaja, akabonyeza, akanusa, akataka vipande vitatu, na akabishana bei mpaka binti akatokwa jasho. Usiku ule alilala kwa raha kuliko siku zote.

Sasa niulizeni sisi tuko wapi katika habari hii. Ni nani aliyemfaa zaidi yule binti? Aliyeweka noti akaondoka, au aliyerudi na kopo la uji? Sadaka ni njema, tusiiache. Lakini tunapolipa na kuiacha kazi ya mtoto mezani, tunamwambia, bila kutaka, kwamba hatutarajii kitu kutoka mikononi mwake.

Wanangu mnaosoma hapa, msiogope kopo la uji. Nasi wazazi, tukitoka sasa hivi, meza ya wanafunzi wetu iko pale mlangoni. Nunueni, mkaogee. Ikiwa mbaya, rudini mseme.