Chungu cha Kwanza cha Subilaga

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki ni cha mguu mmoja na watu watatu waliouhangaikia.

Mguu ulikuwa wa Subilaga, mfinyanzi wa Kyela. Bodaboda ilimgonga akitoka kuchimba udongo. Mfupa wa muundi ukavunjika, na palipovunjika pakaoza. Madaktari walipoiondoa sehemu iliyooza, likabaki pengo la kuingia kidole gumba. Mwaka mzima alitembelea magongo. Mfinyanzi huukanyaga udongo kwa miguu yake. Yeye alikaa kibarazani akitazama tanuri lake likiota majani.

Katika mji mkubwa wa mkoa ule walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Ambokile alijua kuchoma na kusaga. Tusajigwe alijua madini. Lugano, daktari wa mifupa, alikuwa na mkono usiotetemeka na jicho lisiloridhika upesi.

Ambokile alikusanya mifupa ya ng'ombe machinjioni, akaichoma mpaka ikawa myeupe, akaisaga ikawa unga wenye chembe ndogo zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Mfupa wa mtu ukiupokea unga ule huudhani ni wake, ukaota juu yake. Miaka sita aliharibu unga mwingi, mara moto umezidi, mara umepungua.

Lakini unga mweupe ndani ya mfupa mweupe, nani atajua umefika wapi? Hapo ndipo Tusajigwe alipoingia. Aliutia yuropiamu kidogo sana, moja ya madini adimu. Kwa macho unga ulibaki vilevile, ila ukimulikwa kwa taa ya zambarau uliwaka mwekundu kama kaa la moto. Madini yakizidi, yangeweza kuudhuru mwili. Yakipungua, mwanga hakuna. Alikitafuta kipimo salama huku wenzake wakimcheka kwamba anairemba dawa.

Daktari Lugano akamwita Subilaga.

"Mama, dawa hii bado iko kwenye majaribio. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu."

"Imechomwa?" akauliza Subilaga.

"Imechomwa, kwa moto mkali kuliko wa tanuri lako."

"Basi iwekeni. Kitu kilichoiva nakiamini."

Siku ya upasuaji walimchoma ganzi kiunoni, kwa hiyo alisikia kila neno. Alimsikia msaidizi akisema, "Pengo limejaa, tufunge." Moyo wake ukatulia. Kisha akamsikia Lugano: "Zimeni taa kubwa." Dari likageuka zambarau.

Lugano akainama, akaukagua mfupa.

"Tazameni," akasema daktari. "Pembe ile haijawaka, haikupata dawa. Na punje zile za unga zimekimbilia kwenye goti. Zikibaki, goti litakakamaa."

Msaidizi alikuwa amechoka, na Lugano naye amechoka. Hata hivyo akaziondoa punje moja moja, akaijaza ile pembe, akamulika tena. Saa mbili zaidi.

Miezi minane baadaye Subilaga aliyaweka magongo kando, akaukanyaga udongo kwa miguu miwili. Akafinyanga chungu cha maji, akakichoma, kikatoka bila ufa. Mama yake alimwachia desturi: chungu cha kwanza baada ya ugonjwa hupewa mtu mmoja, yule aliyekurudisha kazini. Akawaalika wote watatu, akakiweka chungu mbele yao, akawauliza ni cha nani.

"Bila unga wangu," akasema Ambokile, "taa ingemulika shimo tupu."

"Bila mwanga wangu, kaka, mngelifunga pengo na kila mtu angesema kazi imekwisha," akasema Tusajigwe.

Lugano alikuwa akiutazama ule mguu. "Unga wenu ulikuwa kabatini muda mrefu," akasema taratibu, "na haukuwa umemponya mtu."

Hakuna aliyemkasirikia mwenzake, maana kila mmoja alisema kweli, na Subilaga alilijua hilo. Akakiinua chungu, akasimama nacho, amtazame huyu, amtazame yule.

Bado amesimama pale. Msiniambie awafinyangie vingine viwili, kwa sababu cha kwanza ni kimoja tu. Enyi mnaonisikiliza, mngekuwa nyinyi, mngekiweka mikononi mwa nani?